Mbona Mia Nne na Kumi na Mbili

Nchi yenyewe mimi sijaikanyaga, na nijuavyo wewe msomaji hujafika huko pia, kwa hiyo tuzungumze bila wasiwasi. Inaitwa Jamhuri ya Shukurani. Ina bendera, ina wimbo, ina mito mitatu ambayo miwili ina maji, na ina serikali inayowapenda wananchi wake kiasi cha kutotaka wajichoshe kwa jambo lolote, hata kufikiri.

Serikali hiyo iligawa simu. Si vile vitochi vya kubonyeza, la hasha. Simu janja hasa, kioo kitupu mbele na nyuma, moja kwa kila mtumishi wa umma, kuanzia majaji hadi wachimba makaburi wa manispaa. Aliyezigawa ni Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kilindi Mtambalike, Waziri wa Ufanisi. Udaktari alitunukiwa na chuo alichokifungua, na uhandisi alijitunuku mwenyewe siku alipokata utepe wa daraja. Katikati ya kioo cha kila simu palikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa TAYARI. Amri ikitoka juu, simu hulia, na mtumishi ana sekunde arobaini za kukibonyeza kwa dole gumba.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa siku ya uzinduzi, "zamani amri yangu ilichukua miezi mitatu kufika chini, na ikifika haitekelezwi. Leo inafika kwa nukta moja."

Kuhusu kutekelezwa hakusema kitu, na hakuna aliyeuliza, maana makofi yalikuwa mengi.

Ikatungwa na sheria, Sheria ya Tayari, fupi na tamu. Kifungu cha kwanza kilisema kila mtumishi abonyeze. Cha pili kilisema jambo lolote ambalo mhusika hajalibonyezea, mbele ya sheria halijatokea. Cha tatu kilisema kubonyeza ni kwa hiari, kwa sababu Shukurani ni nchi huru. Cha nne kilikuwa kieleze adhabu ya asiyebonyeza, lakini wanasheria walikaa nacho wiki nzima hotelini wakaona hakuna mtu wa namna hiyo, wakakiacha wazi wakarudi makwao.

Matokeo yalionekana mara moja. Walimu waliacha sentensi katikati ubaoni, wakabonyeza, na waliporudi hawakukumbuka sentensi ilikuwa inaelekea wapi. Wakunga walijifunza kubonyeza kwa kiwiko. Mchimba makaburi mmoja wa mji mkuu alipandishwa cheo kwa kutoka shimoni mara thelathini kwa siku, kwa kuwa kule chini mtandao haushiki. Mwisho wa mwaka Wizara ilitangaza kwamba ufanisi wa taifa umefika asilimia mia moja, na kwa furaha ikajenga sanamu ya dole gumba katika kila mji.

*

Bi. Sikuzani Makungu alikuwa mfungua maji wa mji wa Lumbiji. Kwa miaka ishirini na miwili alizunguka mji kwa miguu, spana ndefu begani, akifungua na kufunga koki kuu kumi na nne zilizofukiwa mashimoni chini ya vifuniko vya chuma, ili kila mtaa upate maji kwa zamu. Ratiba ya zamu iliandikwa makao makuu na mtu ambaye hajawahi kufika Lumbiji. Kugeuza koki nje ya ratiba bila amri kutoka juu kulikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwepesi wa kutembea na mwepesi zaidi wa kukasirika, na hasira zake hakuwahi kuzifungia kabatini.

Shida yake ilikuwa moja. Mawazo mazuri yalimjia njiani, kati ya koki ya tatu na ya tisa, mikono ikiwa na tope na jua likiwaka utosini. Akirudi ofisini, akatafuta kalamu, akaipata haina wino, akaazima nyingine, wazo limeshaondoka zake. Kwa miaka karibu ishirini alifikiri mambo mengi ya maana ambayo leo hayupo anayeyajua, yeye mwenyewe akiwamo.

Simu ilipokuja, watumishi walifundishwa siku mbili namna ya kubonyeza TAYARI: siku ya kwanza nadharia, siku ya pili vitendo. Wakati wa chai Bi. Sikuzani alibonyeza kwingineko. Akakuta mahali pa kuandika. Akakuta mahali pa kurekodi sauti. Akakuta kamera, ambayo Wizara iliitarajia ipige picha za Mheshimiwa tu pale anapopita. Alimwuliza mkufunzi hivi vingine ni vya nini. Mkufunzi alimtuliza kwamba hivyo vimekuja na simu tu, asivijali.

Kesho yake, akiwa ameinama juu ya shimo la koki ya tisa, alijisogezea simu mdomoni akasema: "Mbona geji ya presho hapa inasoma nne, na Magulio hawapati hata tone?" Mchana alijisikiliza huku akila. Kwanza aliona haya, kwa kuwa sauti yake ilikuwa ya mtu anayegombana. Kisha akaona swali lenyewe halina kasoro, akaliandika chini likaitwa Mbona ya kwanza.

Basi ikawa ndiyo kazi yake ndani ya kazi yake. Kila asubuhi, saa ileile, alipiga picha geji za koki zote kumi na nne. Njiani alisema anachokiona: kifuniko kinachotoa jasho, mtaa wenye tope wakati si zamu yake, bomba linaloguna. Kila swali lilipewa namba. Ijumaa baada ya kazi aliketi uani kwake, akapitia Mbona za wiki nzima moja baada ya nyingine. Za kipuuzi alizifuta. Mbona ya thelathini na moja, iliyohusu mwendo wa karani wa masjala, ilifutwa siku hiyohiyo na namba yake ikapewa nyingine. Zilizofanana aliziunganisha, na jibu hakulikubali mpaka awe na picha tatu za siku tatu tofauti. Mji mzima aliuchora kwa kidole kwenye kioo, koki kwa koki. Simu haikufikiri kwa niaba yake. Ilimshikia alichofikiri mpaka arudi kukimalizia. Hapo ndipo alipogundua, kwa mshangao na kwa uchungu kidogo, kwamba kumbe muda wote huo hakuwa mjinga. Alikuwa hana pa kuweka tu.

Amri za TAYARI ziliendelea kumlilia mara sitini kwa siku. Alizibonyeza bila kusoma, kama taifa zima lilivyofanya, huku akiendelea na lake. Ndiyo maana katika rekodi zake zote kuna mlio wa "ti" katikati ya sentensi.

Mwaka wa tatu zilipokaribia Mbona mia nne, mchoro wake ulianza kusema. Magulio, mtaa wa watu elfu sita ambao ofisi iliuandikia "chanzo hafifu", haukuwa na chanzo hafifu hata kidogo. Maji yake yalitoka vizuri, yakafika koki ya saba, halafu yakapotea. Bi. Sikuzani aliyafuata kiangazi, wakati ardhi yote imekauka, kwa kufuata mstari mmoja wa majani mabichi ambao haukuwa kwenye ramani yoyote ya serikali. Alitembea akipiga picha. Mstari ulivuka uwanja wa mpira, ukapita nyuma ya ofisi ya wilaya, ukaingia Bustani ya Ufanisi, ukaishia miguuni mwa Dole la Taifa. Lilikuwa dole gumba la saruji, urefu wa mnazi, lililojengwa juu ya chemchemi ya mapambo iliyokuwapo bustanini miaka tisa, na kutoka kwenye ukucha wake maji yaliruka juu mchana kutwa, yakamwagika chini, yakaingia mtaroni.

Alilizunguka Dole lile mara mbili kwa hasira. Alipopata pumzi aliandika Mbona ya mia tatu themanini na nane, fupi kuliko zote: "Jumatatu saa tatu asubuhi. Koki namba 7 ifungwe robo upande wa bustani. Koki namba 4 ifunguliwe nusu. Mbona hatujaribu?"

Aliiandikia barua ofisi mara mbili. Mara zote mbili ofisi ilimjibu TAYARI.

*

Yangeishia hapo kama si simu za taifa kujaa. Zilijaa picha za Mheshimiwa: Mheshimiwa akikata utepe, Mheshimiwa akiangalia utepe uliokatwa. Wizara ikatangaza Operesheni Simu Safi. Wakaguzi walipita kila wilaya kupunguza picha za Mheshimiwa zinazojirudia, na Lumbiji mkaguzi alikuwa Mkurugenzi wa wilaya mwenyewe, Bwana Lukwale. Alikuwa kijana, umri wa mtoto wa kwanza wa Bi. Sikuzani. Zamani alimwamkia shikamoo kila asubuhi. Tangu apate cheo, salamu hiyo ilibaki mkono mmoja tu, ule wa kupunga.

Alipomtaka Bi. Sikuzani aifungue simu kwa dole lake, hakukuta picha hata moja ya Mheshimiwa. Alikuta geji elfu kumi na tano, mchoro wa mji, na Mbona mia nne na kumi na mbili. Alikaa chini akazisoma muda mrefu, akaenda kufunga dirisha.

"Bi. Sikuzani, hivi ni vitu gani?"

"Maswali, Mkurugenzi."

"Aliyekutuma ni nani?"

"Magulio hakuna maji."

"Sijakuuliza maji, nakuuliza aliyekutuma." Akashusha sauti. "Idara ya Fikra ipo makao makuu, ghorofa ya tatu. Ina wataalamu kumi na wanane. Hao wenyewe hawajafikiri tangu mwaka juzi, wanasubiri mwongozo. Wewe umeanza peke yako?"

Bi. Sikuzani alijitetea kwamba simu alipewa iongeze ufanisi, na kwamba mawazo yenyewe aliyawaza akitembea, nje ya meza ya serikali. Mkurugenzi alisikitika, akamwambia hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kumbe na miguu aliihusisha.

Kosa likaandikwa: kufikiri bila kibali ndani ya kifaa cha umma. Lakini Bwana Lukwale hakuwa mtu katili, na mwenyewe alilisema hilo mara tatu. Jumatatu Mheshimiwa Waziri alikuwa anakuja Lumbiji kuzindua ukucha wa pili wa Dole la Taifa, wa kurushia maji mbali zaidi. Wageni wa nchi jirani wangekuwapo, wamekuja kujifunza ufanisi. Bi. Sikuzani angeitwa mbele, angefuta Mbona zake zote kwa hiari yake na kwa dole lake, na papo hapo angepewa Cheti cha Kichwa Safi chenye fremu. Akikataa, spana itarudishwa ghalani na miaka ishirini na miwili itahesabiwa kwamba hakuwapo.

Fomu ya kosa hilo ilidai kielelezo. Simu ya Mkurugenzi ilikuwa imejaa mpaka pomoni, ikakataa kubeba Mbona zote. Akachagua moja fupi, ya mia tatu themanini na nane, akaituma makao makuu, akaona siku imekwenda vizuri.

*

Jumamosi alasiri Bi. Sikuzani alikwenda Magulio kwa shangazi yake, Mwanamvua. Hakumkuta nyumbani. Alimkuta pale alipokuwa kila alasiri kwa miaka tisa, kwenye foleni ya kisima cha pampu, amekalia dumu lake, magoti ameyafunga kwa khanga. Mbele yake palikuwa na madumu zaidi ya mia. Wenye madumu hayo walikuwa wameyapanga wakaenda kupika, wakirudi mara mojamoja kuyasogeza, na Mwanamvua, kwa kuwa magoti yake hayakutaka safari mbili, alibaki kuyalinda yote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Keti hapo, dumu hilo ni la mke wa sonara, halina neno."

Akaketi akamweleza yote, tangu mstari wa majani mpaka cheti chenye fremu. Alikiri kwamba anaogopa. Spana ile ndiyo iliyomlelea watoto, na zaidi ya kufungua maji hakuna kazi aliyowahi kuijua. Alifikiri huenda afute tu yaishe, maana hata hivyo mambo yenyewe anayo kichwani.

Mwanamvua alicheka mpaka akashika goti.

"Kichwani? Kichwa hicho nakijua tangu kinanyolewa nywele za kwanza. Juzi uliteleka maharage kwangu ukayasahau, nyumba ikajaa moshi, majirani wakaja na mchanga."

"Shangazi, ile ilikuwa mara moja."

"Sikiliza. Miaka yote hii tisa, hapa tunaambiwa chanzo hafifu. Tumezoea. Mpaka watoto wetu wakicheza, mmoja anakuwa chanzo hafifu. Leo wewe unanionyesha picha ya maji yangu yanavyorushwa hewani, halafu unaniambia utaifuta?" Aliinuka, akalisogeza dumu lake hatua moja, akaketi tena. "Usifute. Wakitaka, wafute wao."

Bi. Sikuzani alibaki pale mpaka foleni ikasogea madumu kumi na mawili. Aliyahesabu. Akatoa simu akarekodi Mbona ambayo sitaitaja sasa, kisha akambebea shangazi dumu lake tupu, kwa sababu kisima kilikuwa kimefungwa kwa siku hiyo.

*

Jumatatu bustani ilipendeza. Watumishi mia tatu wa wilaya walipangwa mistari, simu mkono wa kulia, dole gumba limeinuliwa tayari kwa tayari. Wageni wa nchi jirani walikaa kivulini na kamera zao. Mheshimiwa Mtambalike alipanda jukwaani amevaa kofia ndogo ya dhahabu, lakini si kichwani. Aliivaa kwenye dole gumba. Nyuma yake Dole la Taifa lilirusha maji, na ukucha wa pili ulisubiri umefunikwa shela.

Hapa nieleze desturi moja ya Mheshimiwa, wasije wakasema nimemsingizia. Kila Jumatatu saa tatu kasorobo aliwatumia watumishi wote wa taifa Neno la Wiki. Zamani alilitunga mwenyewe. Baadaye, kwa ajili ya ufanisi, akawa anachukua lolote lililo juu kabisa kwenye simu yake na kulishusha chini. Kusoma hakukuwa sehemu ya utaratibu. Na asubuhi hiyo, baada ya kupanda ngazi kutoka dawati hadi dawati, kila dawati likibonyeza TAYARI na kuisukuma mbele, iliyokuwa juu kabisa ilikuwa barua ya Bwana Lukwale yenye kielelezo.

Mheshimiwa aliinua dole la dhahabu, akatuma kielelezo.

Simu mia tatu zililia bustanini. Simu laki mbili na elfu kumi na nne zililia nchini. Madole yakashuka pamoja, "ti", na amri ikawa imepokewa na taifa zima kabla mtu hajamaliza kukohoa. Bi. Sikuzani alikuwa mstari wa mbele, akisubiri kuitwa kufuta. Kwa sababu ya woga tu, ili macho yake yapate pa kukaa, alisoma.

Koki namba 7 ifungwe robo upande wa bustani. Koki namba 4 ifunguliwe nusu. Mbona hatujaribu?

Alisoma mara ya pili. Chini palikuwa na jina la Mheshimiwa na muhuri wa Wizara. Akabonyeza TAYARI, na akafanya jambo ambalo tangu simu zigawiwe halijawahi kufanywa na mtumishi yeyote wa Shukurani. Aliondoka mstarini, akachukua spana yake, akaenda kutekeleza.

Bwana Lukwale alimkimbilia njiani akamzuia kwa mikono miwili.

"Unakwenda wapi, Mheshimiwa yuko jukwaani!"

"Koki ya saba. Mheshimiwa kaagiza."

"Kaagiza lini?"

"Sasa hivi. Na wewe umeshabonyeza."

Mkurugenzi aliitazama simu yake. Akasoma. Ule uso wa cheo ukamtoka, ukabaki wa yule kijana wa shikamoo. Kumzuia anayetekeleza amri ya Waziri kulikuwa kosa kubwa kuliko kufikiri, na alijua kifungu chenyewe. Alimpisha. Kisha, sijui kwa nini, alimfuata hatua chache, akamshikia kifuniko cha shimo kisimwangukie mguuni.

Kule jukwaani Mheshimiwa alikuwa anafika mwisho wa hotuba. Alisema kwamba mataifa mengine yana vichwa, lakini Shukurani ina dole. Akashika kamba, akavuta shela ya ukucha wa pili. Ukucha wa pili ulitoa tone moja, ukatafakari, ukatoa hewa. Ukucha wa kwanza nao ukashuka polepole, kutoka urefu wa mnazi hadi urefu wa mtu, hadi kiunoni, hadi chini. Wageni wa nchi jirani waliandika kwenye madaftari yao.

Na huko Magulio, koki ya nne nayo ilipofunguliwa nusu, kwenye bomba la barabarani ambalo mabinti walikuwa wameshalitundikia nguo, kulisikika kuguna, kukohoa, halafu maji mekundu, halafu maji.

*

Mheshimiwa alipoonyeshwa ujumbe wake mwenyewe, safari hii aliusoma. Hakuwa mgeni kwenye siasa. Robo saa baadaye alirudi jukwaani akatangaza Fikra ya Robo, aliyoiwaza, alisema, kwa miaka mingi kwa ajili ya wanyonge wa mtaa wa, wa, mtaa ule. Makofi yakapigwa. Kilichobaki kilikuwa kidogo: fikra ya Mheshimiwa isiwe na pacha kwenye simu ya mfungua koki. Bi. Sikuzani aliporudi na spana yake, tope hadi viwikoni, akapandishwa jukwaani. Cheti kililetwa, na ni kweli kilikuwa na fremu.

Mheshimiwa alimweleza kwa upole, kipaza sauti kikiwa kimezimwa, kwamba maji Magulio yameshafika, kwa hiyo yeye kashinda. Afute tu. Nani anauliza tena nani aliwaza?

Nadhani wengi wetu tungefuta. Mimi ningefuta, na cheti ningekitundika sebuleni. Bi. Sikuzani alizifikiria Mbona nyingine mia nne na kumi na mbili, za koki nyingine kumi na mbili, za mitaa mingine ambayo nayo imeandikiwa chanzo hafifu. Akajiona anarudi kwenye ile miaka ya kutembea na wazo na kulipoteza kabla ya kalamu. Hasira yake ya kila siku ikaja, ikamkuta hana woga wowote wa kuizuia. Akanyoosha mkono akawasha kipaza sauti yeye mwenyewe.

"Simu ni ya serikali," alisema. "Dole ni langu. Sifuti."

Bwana mmoja wa Wizara alipendekeza dole lile lishikwe na kubonyezwa kwa nguvu. Mwingine akamnong'oneza aangalie nyuma. Kwenye kitako cha Dole la Taifa, kwa herufi za shaba, paliandikwa kifungu cha tatu: kubonyeza ni kwa hiari. Wageni wa nchi jirani walikuwa wanakipiga picha.

Mheshimiwa aliichukua simu ili aifute mwenyewe. Simu ikadai dole la mwenyewe. Alijaribu lake, na lilikuwa na kofia. Akavua kofia, ikakataa vilevile. Akataka ichukuliwe iwe kielelezo, lakini fomu ya makabidhiano hukamilika kwa TAYARI ya anayekabidhi. Akamrudishia simu yake, akafanya lililobaki. Pale pale jukwaani alimwandikia Bi. Sikuzani barua ya kumfukuza kazi, ndefu, yenye muhuri, akaituma. Simu ikalia mkononi mwa Bi. Sikuzani.

Watu mia tatu walihesabu kimoyomoyo. Zikafika sekunde arobaini. Zikapita. Bi. Sikuzani aliitia simu mfukoni mwa gauni, akachukua spana, akashuka ngazi.

Huko makao makuu kuna kioo kikubwa ukutani kinachoonyesha ufanisi wa taifa. Tangu kitundikwe kilikuwa kinaonyesha mia kwa mia, na waliokitengeneza hawakukiwekea namba nyingine. Asubuhi hiyo kilizima. Mafundi wanne wamekifungua, na wanasubiri mwongozo kutoka ghorofa ya tatu.

Barua ile ipo mpaka leo, haijabonyezwa. Wanasheria wamerudi hotelini kwa ajili ya kifungu cha nne, lakini kila wakikimaliza lazima kwanza kitumwe kwa wahusika wote wakibonyezee, na mhusika mmoja yupo Lumbiji, na kitufe chake hakigusi. Kwa hiyo mbele ya sheria hajafukuzwa. Nasikia na karani wa masjala wiki iliyopita aliiacha amri moja ilie mpaka inyamaze, akaona jua halikuanguka.

Kila asubuhi Bi. Sikuzani hupita na spana begani na simu mdomoni, akisemea kitu. Koki ya saba inabaki robo. Magulio foleni haipo tena, ila Mwanamvua bado hutoka alasiri na dumu lake, analikalia pale pale kwa mazoea, magoti yakiwa kwenye kivuli, na wapita njia husimama wakamwuliza mambo ya wilaya. Yeye huwajibu kwa ile Mbona ya mia nne na kumi na tatu, ambayo mpwa wake aliirekodi kwenye foleni Jumamosi ile, na ambayo nilisema sitaitaja. Sasa imeshaenea, hakuna haja ya kuificha.

"Mbona tulikuwa tunabonyeza?"